Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Somo letu la leo linahusu kupokea wageni.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwaka 2020 mambo yaligeuka. Ugonjwa wa Korona uliingia nchini mwezi Machi. Tukamwogopa mgeni, naye mgeni akatuogopa sisi. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya 1,500,000 kutoka nje. Mwaka 2020 walishuka hadi 620,000 hivi. Wenye nyumba za wageni, wapishi na madereva walikosa riziki.

Sasa wageni wamerudi. Mwaka 2023 watalii walizidi 1,800,000. Je, sisi wa Iwawa tumejiandaa?

Msiseme watalii hawatuhusu. Hifadhi ya Kitulo, yenye maua mengi kuanzia Desemba hadi Aprili, ni jirani yetu. Tena mgeni si Mzungu tu. Mwalimu mpya, mnunuzi wa viazi na ndugu aliyekuja msibani, wote wanahitaji pa kulala.

Siku hizi watu wa mijini hulipa fedha nyingi kwenda kukandwa mwili, kuoga maji ya moto na kukaa kwenye mvuke. Mahali hapo huitwa spa. Kumbe wanachotafuta ni kupumzika na kupata nguvu! Hata sisi tunaweza kumpa mgeni pumziko hilo bila gharama kubwa. Tufanye hivi:

1. Hewa. Korona huenea kwa hewa anayoitoa mgonjwa, hasa katika chumba kilichofungwa. Huku kwetu baridi ni kali, nasi tunapenda kufunga madirisha. Basi, mgeni akiondoka tu, tufungue madirisha na mlango, chumba kipate hewa mpya.

2. Joto. Tusiingize jiko la mkaa chumbani, hata baridi ya Juni ikizidi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Mtu hulala asiamke tena. Tumpe mgeni mablanketi ya kutosha na ndoo ya maji ya moto ya kuoga.

3. Usafi. Kila mgeni mpya atandikiwe shuka zilizofuliwa. Maji na sabuni ya kunawa viwepo kila siku, siyo siku ya ukaguzi tu.

4. Ukweli. Wakati wa Korona wengi tulijifukiza. Mvuke huweza kumpa mtu nafuu ya mafua, lakini hauui virusi vya Korona mwilini. Tena maji yanayochemka huunguza. Tusimwahidi mgeni tiba tusiyokuwa nayo.

5. Mfanyakazi. Anayetandika vitanda na kupika akiwa na homa au kikohozi, apumzike. Lakini akijua kwamba atakatwa mshahara, si ataficha ugonjwa wake? Hapo mgeni ataugua, na sifa ya nyumba itapotea. Mwenye nyumba asiyemjali mfanyakazi wake hawezi kumtunza mgeni.

Tukiyafanya haya, mgeni atalala salama, naye mwenyeji atapona kweli.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini jiko la mkaa ni hatari chumbani?
2. Mfanyakazi akiugua, nani abebe gharama ya siku zake za kupumzika?