SOMO LA MWEZI: MZAZI NAYE ATOKE NJE

Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya mama aliyetoka kujifungua. Si juu ya mtoto, maana mtoto ana wengi wa kumsemea. Hupimwa uzito kliniki, huchanjwa, na kila mgeni aingiaye huuliza kwanza habari zake. Mama huulizwa tu kama maziwa yanatoka.

Miaka ile tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alirudi darasani baada ya kujifungua. Zamani alikuwa hodari. Sasa alikaa nyuma kimya, chakula hakimpandi, na ukimwuliza neno machozi yanamlengalenga. Sisi walimu wake tulisema ni uvivu, tukamwonya mbele ya wenzake. Muhula haukwisha akaacha masomo. Hatukujua tulichokuwa tukikitazama, na ndiyo sababu tunaandika somo hili.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Siku ya 3 au ya 4 baada ya kuzaa, akina mama wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja. Hayo kwa kawaida hupita kabla ya majuma 2 kwisha. Jambo la pili ni sonona, nayo haipiti upesi. Mama hakosi kuchoka, lakini usingizi haumjii hata mtoto akilala. Hakuna kinachomfurahisha. Hujiona hafai kuwa mama. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, na mengi yake ni sonona.

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Daktari John Cox, Mwingereza, aliwachunguza akina mama wa Uganda katika miaka ya 1970, akaikuta sonona hiyo huko. Tena alikuta Waganda wana jina lao la tangu zamani kwa ugonjwa wa akili wa mzazi: amakiro. Mwaka 1987 yeye na wenzake wawili walitoa huko Edinburgh maswali 10 ya kumwuliza mzazi, na hata leo maswali hayo hutumika katika nchi nyingi. Basi wazee wetu walilijua jambo hili kabla yetu sisi wenye vyeti.

Sasa tuje kwenye mazoezi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama aliyejifungua, ikiwa hana tatizo la kumzuia, afanye mazoezi ya kadiri yasiyopungua dakika 150 kwa juma, na likataja kwamba mazoezi hupunguza hatari ya sonona. Ukigawa, ni nusu saa kwa siku, siku 5. Kutembea kunatosha: mwendo wa kumpandisha pumzi kidogo, lakini aweze bado kuzungumza. Aanze kidogo kidogo, leo kuzunguka ua, kesho kutwa mpaka barabarani. Aliyepasuliwa aulize kwanza kliniki, wala asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka aruhusiwe. Akitokwa damu nyingi, akipata homa, maumivu ya kifua au mguu mmoja kuvimba, aache matembezi aende hospitali mara moja.

Bibi mmoja alitucheka tulipomweleza haya. Alisema, "Mwalimu, mwanamke anayebeba ndoo na kushika jembe anatafuta mazoezi gani tena?" Lilikuwa swali la haki. Lakini kazi na matembezi si kitu kimoja. Mwenye ndoo akichoka hawezi kuiacha njiani, na akifika nyumbani kuna kuni zinamngoja. Matembezi ni wakati wake mwenyewe, mikono mitupu, pamoja na mtu wa kuzungumza naye.

Wala hatuipingi arobaini. Wazee walimkanda mzazi, wakampikia mtori au uji wa pilipili manga, wakamwondolea kazi zote. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya arobaini. Siku hizi binti yuko mjini katika chumba cha kupanga, mama yake yuko mbali, mume kaenda kazini. Anafungiwa ndani siku 40 na kazi zote anazo. Hiyo si arobaini tena, ni kifungo.

Umoja wa Mama huenda kumtazama mzazi na sabuni na sukari. Ni vizuri. Tungeomba waende wawili jioni, mmoja abaki na mtoto na nepi, mwingine atoke na mama. Na akina baba, kumshika mtoto nusu saa hakujamwondolea mtu ndevu.

Matembezi hayachukui nafasi ya daktari. Mama akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti wasizosikia wengine, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku ile ile. Tumwombee, huku tukiwa naye njiani.

Maswali ya kujadiliana:

Katika mtaa wenu, ni nani amejifungua tangu Pasaka, na ni nani aliyemwuliza habari za moyo wake?

Nani atakwenda kwake juma hili, na saa ngapi?