Acha Vim ikuchagulie faili

Folda yako ya rasimu imejaa, lakini kila siku unafungua mafaili yaleyale matatu. Mengine yamelala tangu mwaka juzi na hata majina yake umeyasahau. Iachie kompyuta ichague: skripti fupi inaokota faili moja kwa bahati nasibu na kukufungulia.

Anzia kwenye terminali. Kama unatumia Linux, mstari mmoja unatosha:

vim "$(find ~/maandishi -type f -name '*.md' | shuf -n 1)"

Hapo find inaorodhesha mafaili yote ya .md, hata yaliyojificha ndani ya folda ndogo. shuf inaivuruga orodha na kutoa jina moja. Weka folda yako badala ya ~/maandishi, na kama unahifadhi kwa .txt, badilisha hiyo pia.

Zile alama za nukuu mbili usiziondoe. Bila hizo, faili liitwalo barua kwa mjomba.md linakatwa vipande vitatu, na Vim inakufungulia ukurasa mtupu uitwao barua. Utadhani kazi yako imepotea, kumbe ipo.

Uko kwenye Mac na shuf haionekani? Sakinisha coreutils kwa Homebrew, kisha andika gshuf mahali pa shuf.

Sasa tuingie ndani ya Vim yenyewe, maana ukishaizoea hutataka kurudi terminali kila mara. Fungua ~/.vimrc na ubandike hii:

function! Bahati() abort
  let orodha = glob('~/maandishi/**/*.md', 0, 1)
  if empty(orodha)
    echo 'Hakuna faili'
    return
  endif
  execute 'edit' fnameescape(orodha[rand() % len(orodha)])
endfunction
command! Bahati call Bahati()
nnoremap <leader>b :Bahati<CR>

Hifadhi, funga Vim, fungua tena, andika :Bahati. Mstari wa mwisho unakupa njia ya mkato: kama hujabadilisha chochote, leader ni kitufe cha \, kwa hiyo bonyeza \ kisha b. Ukitaka kuipa amri jina lingine, lianze na herufi kubwa. Vim haikubali amri yako mwenyewe ianze na herufi ndogo.

Ikikulalamikia kuhusu rand, angalia toleo. Andika :echo exists('*rand'). Jibu likiwa 1, uko salama. Likiwa 0, Vim yako ni ya kabla ya 8.2 iliyotoka Desemba 2019, na ni wakati wa kusasisha.

Kosa utakalokutana nalo mapema ni E37. Maana yake una mabadiliko ambayo hujayahifadhi, na Vim inagoma kuliacha faili ulilomo. Hifadhi kwa :w, au ongeza set hidden kwenye .vimrc ili faili la kwanza lisubiri nyuma ya pazia. Wa Neovim hawana shida hii, kwenye matoleo yake mapya hidden huwa imewashwa yenyewe.

Kuandika skripti ndiyo sehemu rahisi. Kinachohitaji akili ni kuamua mafaili gani yaingie kwenye kura. Ukiielekeza kwenye folda yako nzima ya nyumbani, utakuwa unaletewa README za maktaba za programu ambazo hukuziandika wewe. Ielekeze kwenye folda moja, yenye maandishi unayoyajali.

Halafu yaondoe yale uliyoyashika juzijuzi. Kwenye terminali, ongeza -mtime +90 kabla ya ule mchirizi wa wima (|), na find italeta tu yaliyokaa zaidi ya siku 90 bila kuguswa. Ndani ya Vim, weka mstari huu chini ya ule wa let:

call filter(orodha, {_, f -> localtime() - getftime(f) > 90 * 86400})

Namba 86400 ni sekunde za siku moja. Kwa maoni yangu mstari huu ndio unaoifanya Bahati iwe na faida. Bila huo, mara nyingine utaletewa kazi ya jana. Ila kama folda umeishusha leo kwa git clone, mafaili yote yana tarehe ya leo na utajibiwa "Hakuna faili". Ikiwa hivyo, uondoe mstari huo kwa muda.

Watu wa Emacs, yenu ni hii, ndani ya init.el:

(require 'seq)
(defun bahati ()
  (interactive)
  (find-file (seq-random-elt
    (directory-files-recursively "~/maandishi" "\\.md\\'"))))

Kisha M-x bahati. Inahitaji Emacs 26 au mpya zaidi.

Faili likishafunguka, usibonyeze tena kutafuta lililo tamu zaidi. Lifanyie jambo moja dogo: nyoosha sentensi, lipe jina linaloeleweka, au lihamishie folda yake. Na kama halina kazi tena, lifute hapohapo kwa :call delete(expand('%')) kisha :bdelete. Angalia mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu njia hiyo haipitii kikapu cha taka.