Somo: Mtambue Mchwa Kabla ya Kununua Dawa



Mali ya Chama hailindwi kwa kufuli peke yake. Mchwa huingia bila ufunguo, akala fremu za milango, paa, na hata daftari la mahesabu. Katika nyumba kongwe za Upanga, mjini Dar es Salaam, yafaa kutofautisha mchwa wa namna mbili, kwa kuwa dawa ya mmoja haimfai mwingine. Kamati isiyowatofautisha hupoteza fedha za wanachama.

1. Mchwa wa ardhini
Kiota chake kimo udongoni. Hastahimili ukavu, kwa hiyo hujenga vijia vya udongo juu ya msingi na ukuta ili afikie mbao. Bomoa kipande cha kijia. Kikijengwa upya baada ya siku chache, mchwa bado yumo. Dawa hutiwa katika udongo unaozunguka msingi. Ondoa pia mbao zinazogusa ardhi, na uzibe mabomba yanayovuja.

2. Mchwa wa mbao kavu
Huyu hahitaji udongo. Huishi ndani ya ubao anaoula, wala hajengi vijia. Dalili yake ni chembe ngumu mfano wa mchanga, zilizolundikana chini ya kitundu kidogo. Kwa kioo cha kukuzia, kila chembe huonekana ina pande sita. Huweza kuletwa na samani kuukuu. Kumwaga dawa ardhini kwa ajili yake ni kazi bure: ubao wenyewe ndio utiwe dawa au ubadilishwe.

Angalizo
Unga laini kama wa ngano ni kazi ya mbawakawa watoboao mbao, si mchwa. Kumbikumbi wanaofuata taa baada ya mvua ni mchwa wenye mbawa: mbawa zao nne zalingana, na kiuno chao ni kinene. Sisimizi mwenye mbawa ana kiuno chembamba.

Msikubali kuuziwa dieldrin. Sumu hiyo ya zamani imo katika orodha ya kwanza ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001.

Maswali ya kujadili
(a) Jengo la Chama chetu lilikaguliwa lini?
(b) Je, makabati ya madaftari yamegusana na ukuta?
(c) Nani atakagua kila mwezi na kutoa taarifa kwa Kamati?