Je, OHIP italipia upasuaji wangu?

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Toronto na nina kadi ya OHIP. Nililelewa kama binti, lakini mimi ni mwanamume. Natumia homoni, na sasa nataka kuondolewa matiti. Rafiki ameniambia nilipe kwanza, nitarudishiwa baadaye. Ni kweli? – M.*

Marahaba, M. Usilipe! Hapo ndipo wengi hunasa. OHIP, yaani bima ya afya ya Ontario, hugharamia upasuaji huu, lakini idhini ya wizara ya afya lazima itangulie. Ukifanyiwa kabla ya idhini, deni ni lako.

Anza kwa daktari wako wa familia. Yeye atakufanyia tathmini, atajaza fomu na kuituma wizarani. Kwa matiti tathmini moja inatosha. Kwa viungo vya uzazi zinatakiwa mbili. Kabla ya 2016 kila mtu alipitia kliniki moja tu ya Toronto, na foleni yake ilichosha. Afadhali sasa.

Jambo ambalo rafiki yako hakukuambia: OHIP hulipia kuondoa matiti, si kukitengeneza kifua kiwe na umbo la kiume. Wapasuaji wengi hutoza kazi hiyo kando, kwa hiyo omba bei kwa maandishi mapema. Homoni nazo ni hesabu nyingine. Kama dawa zinakula mapato yako, uliza kuhusu Trillium Drug Program, mpango wa Ontario wa kusaidia gharama za dawa.

Daktari akisitasita, mwelekeze kwa Rainbow Health Ontario, ambao huwafunza watabibu kazi hii. Na ukilemewa na mawazo ya kujidhuru wakati unasubiri, piga 988, simu ya msaada wa dharura, usiku au mchana.