Kufunga Programu ya Java: Usisahau Lebo

Sisi wa Ifo twajua gunia la mgao: nje limeandikwa kilichomo ndani. Programu ya Java nayo hufungwa vivyo hivyo.

Kwanza, tafsiri programu kwa javac upate faili za .class. Pili, andika lebo katika faili maelezo.txt:

Mtungaji: Kidato cha Tatu
Main-Class: Alama

Mstari wa kwanza ni wako mwenyewe, wa pili waiambia kompyuta ianzie wapi. Acha nafasi baada ya nukta mbili. Tatu, piga amri hii:

jar cfm Alama.jar maelezo.txt *.class

Herufi c ni kuunda, f ni jina la furushi, m ni lebo. Kwa kuwa f imetangulia m, jina la furushi nalo litangulie. Kisha jaribu:

java -jar Alama.jar

Mimi yalinikuta, jamani! Programu yangu ya kujumlisha alama ilikataa mbele ya darasa zima, nikachekwa. Kumbe sikubonyeza Enter baada ya mstari wa mwisho, nao haukusomwa. Usiku kucha nilikuwa nikitafuta kosa kwenye hesabu, kumbe liko kwenye lebo.

Basi wenzangu, kabla ya kulaumu mahindi, someni gunia.