UTELEZI NDANI YA DUMU NI NYUMBA YA VIJIDUDU



Ukiamka asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, pitisha ulimi juu ya meno yako. Utasikia utando unaoteleza. Sasa ingiza kidole katika mdomo wa dumu lako la maji, upapase ndani. Je, panateleza? Utelezi huo na ule wa meno ni ndugu. Yote miwili hujengwa na vijidudu waitwao bakteria.

Bakteria hawaonekani kwa macho. Mwaka 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliandika kwamba alikwangua utando wa meno, akautazama kwa hadubini, akaona viumbe wengi wadogo wakitembea.

Utelezi hujengwaje?

1. Bakteria wengi huogelea majini kwa mkia mwembamba unaozunguka.

2. Bakteria akigusa ukuta wa dumu, mkia wake huzuiwa. Hana macho, lakini kwa kuzuiwa huko hutambua kwamba amefika mahali pa kushika.

3. Hapo huacha kuogelea. Hutoa ute unaonata, akajibandika.

4. Huzaana, na wengine hujiunga naye. Ute wao hufunika ukuta, kama udongo unavyofunika fito za nyumba ya tembe.

Ute huo ni ngao yao. Ukisuuza dumu kwa maji matupu, hawang'oki. Hata dawa ya klorini hupungua nguvu ndani ya ute kabla ya kuwafikia walio chini. Si bakteria wote wanaodhuru. Lakini wale wa kuhara wakiingia humo hupata maficho, kisha hubanduka na kurudi katika maji ya kunywa.

Kiangazi kimoja mama alimleta mtoto wake zahanati mara ya tatu, anaharisha, macho yamedidimia. Tulimpa maji ya ORS, akapata nafuu. Mama aliniambia huchemsha maji kila siku. Nilikwenda kwake, nikaona maji yaliyochemshwa yakimiminwa katika dumu lile lile la kuchotea kisimani. Ndani palikuwa na utelezi wa kijani.

Nilimwomba alisugue. Akajibu, "Mganga, maji nayafuata tangu alfajiri. Ya kuoshea dumu nitayatoa wapi?"

Mama huyo alisema kweli. Mkoa wetu wa Singida ni mkavu. Lakini kazi hii haihitaji ndoo nzima. Kuchemsha maji na kuyatia katika uchafu ni kupoteza kuni na nguvu zako.

Fanya hivi kila wiki:

1. Tenga dumu moja la maji ya kunywa tu.

2. Tia ndani kokoto ndogo zilizooshwa, sabuni na kikombe kimoja au viwili vya maji.

3. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka utelezi utoke. Ndoo isugue kwa brashi.

4. Mwaga, suuza mara mbili au tatu kwa maji safi kidogo kidogo. Maji ya kuoshea mwagia mpapai.

5. Jaza maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha ufunike.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS na umpeleke zahanati mapema.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini kusuuza peke yake hakutoshi?

2. Dumu lako ulilisugua lini?