Somo: Mgonjwa Anapouliza, "Naishi kwa Faida Gani?"



Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeambiwa kwamba uvimbe wake ni saratani. Ameahirisha masomo. Wenzake wako kwenye mitihani, yeye anahesabu siku za dawa. Usiku anajiuliza: mimi nisiyeweza kusoma, kufanya kazi wala kumsaidia mama, naishi kwa faida gani?

Wengi wetu tutamkemea: "Usikufuru!" Kabla ya kukemea, tumtazame Khabbab bin al-Aratt (r.a.), mhunzi wa Makka, miongoni mwa waliosilimu mwanzo na kuteswa kwa ajili ya dini. Katika Sahihi ya Bukhari, Qays bin Abi Hazim anasimulia kwamba walikwenda kumjulia hali, wakamkuta amechomwa kwa chuma cha moto mara saba, tiba ya zama zile. Khabbab akawaambia kuwa lau Mtume (s.a.w.) asingekataza kuomba mauti, yeye angeyaomba.

Hapa tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, Swahaba huyu hakuficha uchungu wake. Kusema "nimechoka" si kutoka katika imani.

Pili, alisimama kwenye mpaka. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba aliyezidiwa amwombe Mwenyezi Mungu ambakishe maadamu uhai ni kheri kwake, na amfishe ikiwa mauti ndiyo kheri. Basi hukumu ya thamani ya maisha haikukabidhiwa mgonjwa aliye katikati ya maumivu, wala sisi tuliosimama kando ya kitanda.

Tatu, Qays anaeleza kuwa walimwendea tena siku nyingine, wakamkuta Khabbab anajenga ukuta.

Je, asiyeinuka tena kujenga? Imran bin Husayn (r.a.) alipougua alimuuliza Mtume kuhusu sala. Akajibiwa: aswali akiwa amesimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Hakuambiwa kwamba asiyeweza kusimama hana tena nafasi katika safu ya waja. Mwili hupungua nguvu, lakini uja haupungui. Na katika hadithi ya Abu Musa (r.a.), mgonjwa huandikiwa mfano wa amali alizozifanya alipokuwa mzima. Yule mwenzetu aliyekuwa akihudhuria darsa kila wiki, daftari lake halijafungwa.

Hata hivyo, subira haimaanishi kukaa nyumbani bila tiba. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Hapa Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, kilifunguliwa mwaka 2012, na tiba ya mionzi inapatikana katika Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe. Kuomba dawa ya kutuliza maumivu nako ni katika kujitibu.

Lakini Butaro ni mbali na Nyamirambo, na upweke nao ni maradhi. Imekuja katika hadithi ya Muslim kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamuuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru mja Wake mgonjwa, kwani lau angemzuru, angemkuta Yeye hapo. Tunamtafuta Mola katika mihadhara, naye ametueleza wapi pa kumkuta.

Basi mwendee mwenzako. Usikae sana, usimhutubie. Msikilize. Muulize kama mituweli yake imelipwa na nani atamsindikiza hospitali. Mpelekee habari za darasa, kwani bado ni mwanafunzi mwenzetu. Ukisikia kwamba anataka kujidhuru, usimwache peke yake: waite jamaa zake na daktari siku hiyohiyo.

Maswali ya halaqa:
1. Ni nani katika jumuiya yetu ameacha kuonekana muhula huu, na nani amemuulizia?
2. Tunapima thamani ya mtu kwa nini: kwa alama na kazi, au kwa uja wake?

Ee Mola, waponye wagonjwa wetu, uwaondolee maumivu na upweke. Amin.